Fiwi Chini ya Mikarafuu

Soud alihamia Maramba kutoka Pemba, akapanda mikarafuu kwenye mteremko. Kwao, chini ya mkarafuu hufagiliwa pakawa peupe, ili karafuu zinazodondoka ziokotwe zote. Mkewe Mwanakhamis alipopanda fiwi, jamii ya maharage, zitambae zishike udongo, Soud alizing'oa.

"Mama Samira, hili shamba au pori?"

"Haya, Baba Samira, fagia. Mvua itakuja kukusaidia."

Mvua ya masika ilimsaidia kweli. Udongo ulishuka bondeni, mizizi ikabaki nje, mikarafuu ikaanza kukauka kuanzia kileleni. Mwaka huu Soud mwenyewe alichukua mbegu za fiwi, lakini kila alipopiga jembe liligonga mwamba.

"Lete hizo," alisema Mwanakhamis, akazipokea mbegu, akaenda kuzibandika jikoni.