Mashine Iliyotimka

Fundi wa mashine za msasa hasemi na mteja kabla hajasema na mashine. Huipakata mapajani kama mjukuu aliyeanguka, akaipuliza vumbi, akazungusha rola kwa kidole gumba huku midomo yake ikifuata mlio: krr, krr. Vidole vyake havina alama tena. Miaka ya kuonja msasa kwa ncha zake imevilainisha kama ganda la yai.

Siku moja shemeji yake, seremala mwenye oda ya madawati arobaini, alikaa kwenye benchi roho juu. Mafundi wawili walishamwambia mashine yake imekufa, aizike tu. “Imekufa?” fundi akacheka. “Imechoka, shemeji. Hata wewe ungelala.” Akabadilisha brashi za mota zilizolika, akaivisha mkanda mpya wa msasa, akaiweka sakafuni, akachomeka plagi. Loo! Swichi alikuwa ameibana yeye mwenyewe ikae kwenye kuwaka wakati wa kuikagua, akasahau kuiachia. Mashine ikatimka! Ikapita chini ya meza, ikaangusha ndoo, ikashika njia ya mlangoni, na fundi, badala ya kuchomoa waya, akaifuata mbio akipiga makofi: “Twende, mwanangu, twende!” Seremala alikwishapanda juu ya benchi, anacheka mpaka machozi. Waya ukaisha, plagi ikang’oka, kimya. Fundi akaiokota, uso umekunjwa kikazi. “Shemeji, marehemu wako huyu hapa.” Seremala akanyoosha mikono aipokee. Fundi hakuiachia.

“Ngoja kwanza nihakikishe,” akasema, akairudisha sakafuni, akaibana tena swichi, safari hii makusudi, akaishika plagi.