Katibu Kadenge na Siku ya Meli

Afisi ya Chama cha Wafanyabiashara wa Mji wa Kale ilikuwa chumba kimoja juu ya jiko la mpishi wa halua, na kila karatasi iliyotoka humo ilinukia iliki na kufuatwa na sisimizi. Katibu wake alikuwa Samuel Kadenge, Mgiriama wa Kaloleni aliyekuwa karani wa mawakala wa forodha kule bandari ya Kilindini, Mombasa, hadi kazi ilipokwisha. Wapo walionuna kusikia kwamba Mkristo kutoka Kaloleni ndiye atakayewapangia mambo yao. Waache wanune! Kadenge alikuwa na subira ambayo wao hawakuwa nayo: angepanda ngazi za mtu mara ngapi sijui kwa jambo lile lile, na kila mara ashuke akiwa anacheka.

Ni yeye aliyewabembeleza wenye nyumba wa mtaa wa Ndia Kuu mpaka wakapaka kuta zao chokaa. Ni yeye aliyewakalisha chini vijana waliokuwa wakiwavuta watalii mikono, akawafunza kuwaongoza kwa adabu, na mama zao wakaanza kumpelekea mahamri. Mtu kama huyo ukimpata, wallahi, mshike kwa mikono miwili.

Aliyemshika ni Mzee Hussam, mwenyekiti wa chama, muuza masanduku ya mbao yaliyochongwa. Tangu fujo za Likoni za mwaka wa 1997 watalii walikuwa wameadimika, na wenye maduka walikaa milangoni wakipunga nzi. Wengine walishaanza kuzungumzia kuuza majengo. Basi wawili hao wakamwandama Purity Mutanu, mwanamke mwenye kampuni ya kuwatembeza abiria wa meli za kitalii, hadi akachoka kukataa.

"Nitawaleta," alisema, "lakini maduka yawe wazi, Bwana Kadenge. Nikikuta milango imefungwa, meli zote za msimu huu nazipeleka kwingine."

Kadenge akamwapia kwamba yatakuwa wazi.

Alfajiri ya siku ya meli, Mzee Hussam akafariki dunia.

Sasa, Mji wa Kale una desturi yake. Akifa mtu wa mtaa, maduka hufungwa. Hata baada ya maziko hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kufungua, maana huyo atasemwa mpaka wajukuu zake wasikie. Wafiwa wenyewe ndio wenye kauli. Na wafiwa siku hiyo walikuwa mtu mmoja, Mwanaesha, bintiye Mzee, aliyeishi naye ghorofani juu ya duka.

Wenye maduka walikusanyika chini ya ngazi za afisi, mkabala na duka la Mzee, nyuso zimewashuka. Jaffar, muuza kofia, ndiye aliyesema walichokuwa wakikifikiria wote.

"Katibu, nenda kamuombe Mwanaesha atupe ruhusa. Wewe si wa hapa. Hutosemwa."

Neno hilo lilimchoma Kadenge. Miaka yote ile, na bado si wa hapa! Lakini alijibu kwa upole wake ule ule.

"Mtoto anamlilia babake, ndugu yangu, nami nikamzungumzie biashara? Mzee mwenyewe angenifukuza."

Akashuka, akaenda zake Kilindini kumwambia Purity ukweli. Angeweza kusema barabara imeharibika, au polisi wamezuia njia. Alisema kwamba mwenyekiti amefariki na mji umefunga.

"Uliniapia," Purity alisema.

"Niliapa. Na leo siwezi kukitimiza kiapo."

Purity alimtazama kwa hasira, kisha akayatazama mabasi yaliyokwisha kujaa abiria. "Nitaanza na Ngome ya Yesu. Tukitoka huko nikute kumefungwa, tumemalizana."

Adhuhuri jeneza lilitoka msikitini kuelekea makaburi ya Kikowani. Watu waliwania kulibeba, kila mmoja atoe bega hatua chache kisha ampishe mwenzake. Kadenge, aliyekuwa akingoja nje ya msikiti, alijipenyeza akatoa lake. Alilia waziwazi, wala hakujali nani anamwona. Jaffar alikuwa mbele yake, akageuka, akasogea ili ampe nafasi.

Waliporudi kutoka makaburini, abiria walikuwa wameshafika Ndia Kuu. Walisimama mbele ya milango iliyokomewa, wakijipepea kwa kofia. Purity alikuwa amekunja uso. Wenye maduka walisimama kando, funguo mifukoni, kila mmoja akimtegea jirani yake. Kadenge alijua chama kinamfia mikononi. Hata hivyo alikwenda mbele ya wageni, akawaeleza kwa Kiingereza chake cha forodhani kwamba mtu aliyetaka kuwapokea kuliko wote ndiye waliyetoka kumzika, na kwamba milango hiyo imefungwa kwa heshima yake. Akawaomba radhi.

Hapo komeo likasikika. Mlango wa duka la Mzee Hussam ulifunguka, na Mwanaesha akatokea na buibui lake, macho mekundu. Alilikokota sanduku moja la nakshi mpaka kizingitini, akalifuta vumbi kwa kiganja.

"Babangu kashazikwa," aliwaambia wenye maduka. "Fungueni."

Funguo zikalia mtaa mzima. Wageni waliingia polepole, kama watu waingiao nyumba ya msiba, na wengine walimpa Mwanaesha mkono wa pole kabla ya kutazama chochote. Purity alimsogelea Kadenge.

"Ulimwambia nini huyu binti?"

"Sikumwambia neno."

Mwanaesha alisikia. "Tangu asubuhi niko dirishani nikimngoja," alisema. "Niliwasikia wakimtuma. Lau angekuya kuniomba, nisingefungua." Akamgeukia Kadenge, akakisogeza kibao cha babake, kile alichokuwa akikalia mlangoni kila siku. "Keti, Katibu. Wewe ni wa hapa."