Mihogo Niliyoizoa Chuno

Kwa desturi za kwetu, mama mkwe hakuletei chakula kwa mkono wake. Ana binti zake, ana wajukuu, atamtuma mmoja wao, na yeye atabaki uani akikohoa ili ujue yupo. Kwa hiyo siku ya pili ya Idi, nilipomwona Bi Somoe, mama mzazi wa mke wangu Zuhura, anakuja mwenyewe barazani ameshika sahani kwa mikono miwili, nilijua mambo yameharibika. Mashemeji zangu wanne walikuwa kwenye mkeka. Wote walikunja miguu kwa pamoja kuipisha sahani, kama watu waliopanga.

Sahani ilikuwa na mihogo ya kuchemsha. Ilikuwa na michirizi ya kahawia mpaka katikati, na mingine ilikuwa imekauka kwa ndani.

"Kula, mkwe wangu," akasema Bi Somoe. "Usione haya. Ni mbegu uliyotuletea mwenyewe."

"Tukuongezee pilipili, shemeji?" akauliza Mtepa, shemeji yangu mkubwa, ambaye hajawahi kunipenda.

Sahani iliyoletwa na mama mkwe kwa mkono wake huwezi kuirudisha. Nilikula vipande vitatu. Ni kama kutafuna kizibo cha chupa kilichochemshwa na chumvi. Nilipoinuka kuaga, Zuhura hakuinuka. Mama yake akajibu kwa niaba yake.

"Huyu atakaa hapa kwanza. Nyumba sita zimepanda mbegu yako, nyumba sita hazina chakula. Ukishajua aliyetuletea ugonjwa huu ni wewe au ni wakubwa zako wa huko mjini, uje useme mbele ya watu. Ndipo umchukue mkeo."

Ndiyo maana nimemshikisha kalamu kijana wa jirani aniandikie, mimi Chande, niliyesoma mpaka darasa la nne nikaacha. Na ninyi vijana mnaoifanya kazi ile sasa, someni, au msomewe, mjue ilivyokuwa.

Niliingia kazi ya kuzoa taka za bustani nikiwa sina cheti wala mdhamini, nina mgongo mzuri tu. Taka za bustani si taka za jikoni. Ni majani, nyasi zilizofyekwa, makuti, matawi ya michongoma na ya mikorosho, vitu ambavyo gari la taka la kawaida huvikataa. Wenye nyumba za geti pale Chuno, upande wa mjini, hulipia kila mwezi, na kila mtaa una siku yake. Sisi tulipita na toyo, ile pikipiki ya miguu mitatu yenye bodi nyuma. Nilipowaeleza watu wa ukweni kwamba mjini mtu analipa ili majani yake yabebwe, walicheka mpaka wakakaa chini. Mtepa akauliza kama wanalipa pia kupunguziwa kivuli.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Msimamizi Ndembo. Ofisi yake ilikuwa kiti cha plastiki mbele ya duka la vipuri, Chikongola. Siku ya kwanza alinipeleka kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, akanionyesha tita la matawi ya mkorosho.

"Beba hilo."

Nikabeba kichwani. Sikuwa nimepiga hatua kumi majimoto wakashuka. Hawa ni wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mkorosho wakafanya nyumba, na ukiwabomolea nyumba wanahamia kwako. Nikatupa tita. Nikavua shati. Kisha, Mungu anisamehe, nikavua na suruali, nikarukaruka katikati ya bustani ya watu.

Mama Mwalimu alikuwa kibarazani na kikombe chake cha chai. Hakushtuka hata kidogo.

"Msimamizi," akasema, "na hii imo kwenye huduma?"

"Hapana, mama. Huyu ni mgeni kazini."

"Basi mwambie taulo lipo kwenye kamba."

Ndembo alinisubiri nivae, akanifundisha somo ambalo hakuna chuo kinachofundisha. "Chande, kabla hujabeba tawi, ligonge chini mara mbili, usubiri kidogo. Wenye nyumba watoke."

Yapo na mengine aliyonifundisha. Kusuka mzigo: matawi magumu chini, yamelala upande mmoja, majani laini katikati, makuti juu, halafu turubai. Ukigeuza mpangilio, majani yanapeperuka Chuno nzima, na kila nyumba uliyoifagia inapokea taka ya jirani. Kupapasa: kuchomeka mpini wa reki kwenye kila kiroba kabla ya kukiinua, kwa sababu binadamu akishalipia kiroba cha majani hujaribu kuficha humo maisha yake yote. Nimepapasa nepi. Nimepapasa kuku aliyekufa siku tatu. Kwa bwana mmoja mpini uligonga kitu kigumu, nikafukua, nikakuta sinki la choo.

"Mzee, hili limetoka wapi?"

"Bustanini."

"Lilikuwa linafanya nini bustanini?"

"Nilipandia maua."

Ndembo alilitazama lile sinki, akamtazama mwenyewe, akasema, "Basi endelea kulimwagilia." Tukaondoka.

Nilianza mbeba viroba, nikawa msukaji wa mzigo, mwisho nikapewa toyo na cheo cha Kiongozi wa Zamu. Na hapa sikilizeni vizuri, maana shauri lote limesimama juu ya jambo hili. Kila asubuhi Ndembo alisimama mbele yetu na karatasi ya kazi akaisoma kwa sauti. Nyumba hii matawi, nyumba ile nyasi, nyumba ya tatu kuna mbwa na mwenye mbwa anasema haumi, msimwamini. Kisha mmoja wetu aliyarudia yote kwa mdomo. Wengi wetu tulikuwa wa darasa la nne, la tano. Hakuna aliyeona aibu, kwa sababu aliyesoma alisomea wote.

Ndembo akarudi Newala kwenye mikorosho yake. Akaja Meneja Gaspari.

Namtaja kwa jina na wala simung'unyi. Gaspari alikuja na kompyuta ya kupakata, vizibao vya kijani na fomu. Akafuta kile kisomo cha asubuhi.

"Tunapoteza muda kama shule ya chekechea," akasema. "Kila kitu kitakuwa kwenye fomu. Mdomo hauna kumbukumbu."

Nilimfuata siku hiyo hiyo, nikamwambia bila kuficha, "Meneja, mimi maandishi makubwa ya kwenye mabango nayasoma. Haya madogo ya kalamu yananishinda."

Akanipiga bega. "Mzee Chande, wewe weka saini tu. Mengine niachie mimi."

Nikamwachia.

Tulikuwa na mteja Chuno tukimwita Bwana Bandari, kwa kuwa ndiko alikokuwa akifanya kazi. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na kiwanja amepanda mihogo. Siku moja, mvua za kupandia zikiwa zinakaribia, Gaspari akanipa fomu ya kwenda kwake. Nikaweka saini, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Nilipofika, mwenyewe hakuwepo. Nje ya geti palikuwa na mashina ya mihogo, yamekatwa, yamefungwa matita kwa kamba, yamesimamishwa ukutani.

Nieleweni. Nimezaliwa na watu wa muhogo. Kwetu shina la muhogo ni mbegu, na mbegu haitupwi, wala haiuzwi. Aliyenayo akiombwa na mwenzake hutoa. Na mwaka ule nguruwe pori walikuwa wamepita mashamba ya ukweni, mbele kidogo ya Madimba, hawakuacha kitu. Watu walikuwa wanatembea kijiji hadi kijiji kuomba vijiti vya mbegu. Mimi nimesimama Chuno mbele ya matita zaidi ya ishirini, naambiwa ni taka.

Nikakwaruza shina moja kwa ukucha, kama tunavyopima. Utomvu mweupe ukatoka. Mbegu hai! Nikakwaruza la pili, la tatu. Yote hai. Nikajisemea kwamba watu wa mjini wameshiba vibaya.

Lundo letu la majani, pale tulipoyaacha yaoze yawe mboji, lilikuwa barabara ya kwenda Madimba. Siku ile toyo haikusimama kwenye lundo. Ilinyoosha mpaka ukweni, safari mbili. Jioni nikamrudishia Gaspari fomu yake, kama kawaida.

Nilipokelewa kama waziri. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakapakua bila kuombwa. Nyumba sita ziligawana, kila moja ikasema ya mwenzake imezidi. Bi Somoe alimtuma mjukuu kuniletea jogoo, na kutoka uani nikamsikia akimwambia jirani, "Wengine mabinti zao wameolewa na masharobaro. Mimi nimepata mkwe." Hata Mtepa aliniita Bwana Shamba, na nadhani siku hiyo hakuwa na kejeli, au ilikuwa kidogo tu.

Mihogo ikaota vizuri. Majani yalipauka kidogo, tukasema ni jua. Muhogo unakaa na siri yake chini karibu mwaka mzima. Walipokuja kuchimba ndipo wakakuta kile nilichokuja kulishwa siku ya Idi.

Wakamwita afisa ugani wa kule, dada mmoja mpole. Akakata muhogo, akakata wa pili, akasema ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na unasafiri ndani ya mbegu. Kukwaruza kwa ukucha hakuuonyeshi. Akauliza mbegu ilitoka wapi. Naambiwa walijibu kwa sauti moja, kama wanafunzi: "Kwa Chande!"

Baada ya ile sahani nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Bandari. Safari hii alikuwepo.

"Mihogo ile?" akasema. "Si ilikuwa na ugonjwa? Bwana shamba alikuja hapa akaniambia ning'oe na nichome yote. Hapa mtaani moshi hawautaki, ndiyo nikawapa ninyi. Nilimpigia Gaspari, nikamwambia kwa mdomo wangu, ichomwe kwenye shimo lenu la taka. Akasema hakuna shida, ameandika."

"Ameandika," nikasema.

"Eee. Kwani hamkuchoma?"

Nilimwomba maji ya kunywa.

Gaspari nilimkuta ofisini, sasa ipo ofisi yenye feni. Alisikiliza, akafungua faili, akatoa fomu ile, safi kabisa, hata mkunjo wangu upo.

"Soma," akasema.

"Nisomee."

Akasoma. "Mashina ya mihogo, yana ugonjwa. Yapelekwe shimoni yachomwe. Yasigawiwe." Akageuza fomu. "Na hapa chini ni nini?"

"Saini yangu."

"Basi."

"Meneja, nilikwambia tangu siku ya kwanza kwamba sisomi kalamu. Ukaniambia mengine nikuachie."

"Hilo halimo kwenye fomu, Mzee Chande."

Kisha akaniambia nikapumzike kwanza nyumbani. Sijaitwa tena. Huko ndiko kustaafu kwangu. Hapakuwa na barua wala soda ya kuagana. Kizibao cha kijani waliniambia nirudishe, kimefuliwa.

Nimekaa nyumbani nimefikiri sana, kwa kuwa hakuna wa kuongea naye. Nina kosa langu, sikatai. Mtu hang'oi shamba zima la mihogo hai akaifunga matita bila sababu, na mimi sikuuliza sababu. Vigelegele vya ukweni nilivisikia kabla hata sijawasha toyo. Na karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, Mama Mwalimu yuko nyumba ya tatu kutoka pale kwa Bwana Bandari, angenisomea kabla chai yake haijapoa. Nilikwenda na kosa hilo mpaka barazani kwa Bi Somoe wiki iliyopita, nikalisema mbele ya mashemeji wote. Mtepa, kwa mara ya kwanza, alinisogezea mkeka.

Bi Somoe akasema kutoka uani, "Hilo ni la kwako, tumelisikia. La mwenzako je?"

La mwenzangu siwezi kulisema mimi. Vijana, mkipewa karatasi msiyoisoma, mwambieni aliyewapa aisome kwa sauti, na asipotaka, kaeni chini msiende. Mtachekwa asubuhi moja tu.

Na wewe Meneja Gaspari, najua utasomewa haya, au utayasoma mwenyewe kwa kuwa unajua. Ulijua mzigo ule una ugonjwa. Ulijua ninayekwenda kuubeba hasomi. Tulisimama mimi na wewe asubuhi ile, ukanipa kalamu, ukaniuliza kama toyo ina mafuta. Neno lilikuwa moja tu, choma, lisingekuchukua muda zaidi ya hilo la mafuta. Njoo ukweni kwangu na fomu yako, uisome kwa sauti mbele ya nyumba sita. Kisha uwaambie watu siku ile ulinyamaza kwa nini, na mbegu safi watapata wapi kabla mvua hazijaanza. Barabara ya Madimba unaijua. Zuhura yuko kwao, nami nangoja. Njoo ujibu.