Rubani Aliyejifunza Kiswahili Kwangu

Kati ya watu wote niliowafundisha Kiswahili Brussels katika miaka ya tisini, mmoja tu ndiye ninayemkumbuka kwa kinyaa, na alikuwa mtu msafi kupindukia. Alikuwa kanali katika jeshi la anga la nchi nyingine ya Ulaya, ameletwa mjini kufanya kazi ya ofisini, akiishi peke yake kwenye ghorofa moja mtaa wa Evere. Kwake ulivua viatu mlangoni. Meza ilifutwa kabla hujakaa na ilifutwa tena ukiinuka. Alikuwa mpole, hapandishi sauti, na hakuwahi kukosa somo.

Mimi nilitoka Tanga kuja kusoma. Masomo yalipokwisha nikabaki, nikapanga chumba cha juu katika nyumba ya zamani mtaa wa Saint-Gilles, nikawa najikimu kwa kufundisha wake wa wanadiplomasia, wamisionari wanaojiandaa kuondoka, na yeyote aliyesoma tangazo langu pale duka la vitabu. Kanali alilisoma, akanipigia simu. Alisema anatarajia kupelekwa Maziwa Makuu kama mwambata wa kijeshi kwenye ubalozi wao, na hataki kufika kule akiwa bubu.

Utaratibu wetu ulikuwa rahisi. Kila somo alinisimulia kipande cha maisha yake kwa Kiswahili, nami nikamsahihisha. Ndiyo sababu najua safari yake ya kazi yote, tangu utotoni, ingawa niliipata ikiwa imejaa makosa.

"Mimi nilikuwa mtoto anapenda ndege," alianza.

"Nilikuwa mtoto niliyependa ndege," nikamwambia, naye akarudia polepole.

Alitaka kuwa rubani wa ndege za kivita, zile za kufukuzana angani. Alifaulu mitihani yote ya chuo cha urubani, lakini wakubwa wake waligundua kwamba ana sikio lisilo la kawaida, wakampeleka kikosi kingine. Huko alipewa ndege ya viti vinne. Yeye aliendesha, na wenzake wakakaa na mitambo.

"Hakuna bunduki," alinieleza. "Hakuna bomu. Kuna kelele tu."

Chini ya mbawa walibeba vyombo vya kurusha kelele kwenye mawimbi ya redio. Walitangulia mbele ya ndege nyingine ili rada za adui zisione kitu na askari wa adui wasiweze kuitana. Kila rada, alisema, ina sauti yake ukiisikiliza kwenye vipokea sauti vya kichwani. Aliniigizia, amekaa pale mezani na soksi zake nyeupe: moja inalia kama nyenje, nyingine inagonga kama mtu mwenye haraka mlangoni. Wanafunzi wa urubani walishindwa mwaka mzima kuzitofautisha. Yeye alizijua mara moja. Kwa sikio hilo akapanda cheo, akawa mkufunzi, akawa mkuu wa kikosi, akapelekwa kwenye vita vya jangwani, na umri wa kuruka ulipompita wakamketisha ofisini Brussels.

"Sisi tunafanya wao vipofu," alisema. "Halafu tunafanya wao viziwi."

"Tunawafanya vipofu."

"Tunawafanya vipofu," alirudia, amefurahi. "Na mimi sijaua mtu hata mmoja."

Nilimuuliza habari ya waliokuja nyuma yake na mabomu. Alifikiri kidogo, akitafuta maneno. "Hiyo ni kazi ya wengine," alisema. Kisha akaniuliza kama *wengine* iko katika ngeli ya watu.

Hapo ndipo nilipoanza kutompenda, lakini kutompenda mwanafunzi si jambo kubwa. Niliendelea kupanda basi kwenda Evere.

Mwaka huo vita vilikuwa vimeingia Kivu, mashariki ya Kongo. Ghorofa ya chini yangu aliishi mama mmoja kutoka Bukavu, maman kama Wakongo wenzake walivyomwita, mjane, aliyefanya kazi ya kutunza wazee kwenye makao yao. Simu za kwao zilikuwa zimekatika. Dada yake alikuwa huko na hakuwa na habari zake. Kila jioni nilimsikia akibadilisha stesheni za redio, na asubuhi tukikutana kwenye ngazi aliniambia tu, "Bado, mutoto yangu."

Siku moja nilimkuta kanali anakula chakula cha mchana. Kilikuwa ile nyama mbichi ya kusaga ambayo Wabelgiji huipaka kwenye mkate pamoja na vitunguu na mayonezi. Alinikaribisha, nikakataa. Akafuta vidole, si vyote, akabonyeza kinasa sauti kilichokuwa kando ya sahani.

"Marafiki wa ofisi wamenipa kaseti hii," alisema. "Ni zoezi zuri. Kiswahili cha kweli."

Ilisikika sauti ya mwanamume, mbali, ikikatikakatika, Kiswahili kimechanganyika na Kifaransa. Nilishika neno hapa na pale: kanisa, wagonjwa, barabara. Mengi yalinipita. Nilimwambia hicho ni Kiswahili cha Kivu, mimi si mwenyeji wa huko, lakini jirani yangu ni mwenyeji.

"Mlete," alisema, akitafuna. "Mlete somo lijalo."

Nilipomweleza maman, hakuuliza mengi. Kusikia sauti yoyote kutoka kwao kulimtosha. Alivaa kitenge chake cha kanisani na koti zito, akaenda nami Evere. Kanali alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti, akaweka keki mezani, akachukua penseli tayari kuandika misamiati. Kisha akabonyeza.

Maman aliinamisha kichwa, akaanza kutueleza taratibu, sauti yake ikienda na ile ya kwenye kaseti.

"Bon. Ni muntu iko naita kwa foni," alisema, yaani ile redio ya masafa marefu ambayo misheni za kwao hutumia kuitana. "Anasema bantu beko mu kanisa. Bamama, batoto. Mu dispensaire kuko bagonjwa, habawezi kutembea. Anasema basoda, beko na bunduki, bamevuka mto. Anasema, kama kuko muntu ananisikia, anijibu. Répondez. Anasema vile tena. Répondez."

Halafu sauti ikamezwa na mngurumo, mfululizo, kama mvua kubwa juu ya bati. Kanali akainua kidole.

"Sikilizeni. Hapa," alisema, na akatabasamu. "Hii si hali ya hewa. Huyu ni mtu. Anafanya kazi yangu ya zamani. Anafanya vizuri sana."

Maman alinigeukia. "Iko nasema nini?"

"Anasema kelele hiyo kuna mtu ameiweka makusudi," nilimwambia, "ili yule asisikike."

Kanali alikuwa bado anasikiliza mngurumo, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayeonja mchuzi wa mpishi mwenzake.

"Na weye, monsieur," maman alisema mwishowe. "Ninyi mulimusikia, mulikamata sauti yake. Nani alimujibu?"

"Hatujibu, madame. Sisi tunasikiliza. Kujibu si kazi yetu."

Sentensi zile hazikuwa na kosa hata moja.

Maman aliuliza ilikuwa lini. Wiki kadhaa zilizopita, kanali alijibu. Maman akamwomba arudishe kaseti nyuma, kwa sababu alitaka kusikia vizuri jina la parokia aliyoitaja yule mtu. Kanali alirudisha kwa furaha, akidhani anamsaidia na msamiati. Maman alisikiliza tena na tena, midomo ikitembea, mpaka alipolishika jina. Kisha akainuka. Kanali akamsogezea keki.

"Mi siwezi kula hapa, monsieur," alimwambia.

Tuliposhuka ngazi niliona anafuta kwenye koti kiganja cha mkono aliompa kanali. Ndani ya basi nilifungua dirisha licha ya baridi, kwa kuwa nilihisi harufu ya ile nyama kwenye skafu yangu, nyama ambayo siku hiyo hata haikuwepo mezani.

Jumapili maman alisimama kanisani mwao, mbele ya Wakongo wenzake, akataja jina la parokia. Mzee mmoja alikuwa mwenyeji wa pale. Kupitia padri aliyekuwa amekimbilia ng'ambo ya mpaka, habari zikapatikana baada ya muda. Akina mama na watoto wengi walitoka kanisani kabla askari hawajafika, wakapita msituni, wakaokoka. Aliyekuwa kwenye foni alikuwa muuguzi wa zahanati. Alibaki na wagonjwa wasioweza kutembea, na hakuna aliyemwona tena. Muuguzi huyo alikuwa mpwa wa yule mzee.

Matanga yalifanyika palepale Saint-Gilles, kwenye sebule ya jamaa mmoja. Maman alipika, mimi nikagawa chai. Ndugu walimzunguka, wakamtaka awaambie kila neno alilolisikia, naye akawaambia yote, kwa utaratibu, hata pale muuguzi alipoita mara ya pili. Habari ya kelele hakuwaambia. Alisema tu kwamba redio ilikatika. Habari za dada yake mwenyewe zilikuja baadaye: alikuwa salama, kambini.

Kanali alinipigia simu. "Mwalimu, nimekosea nini?"

"Tafuta mwalimu mwingine," nilimwambia.

"Lakini bado hatujamaliza ngeli."

Nilikata simu. Nilijaribu kumweleza mwenzangu mmoja, Mtanzania, kwa nini nimemwacha mwanafunzi mwenye adabu vile, nikashindwa. Mkatili ungemchukia, mambo yakaisha. Huyu hakumchukia mtu yeyote. Ndicho kilichonichafua roho: alisikia binadamu akiomba msaada, na kilichomgusa ni ubora wa kelele iliyomnyamazisha.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, kwenye Chaussée d'Ixelles, barabara ya maduka, siku za watu kununua zawadi za sikukuu. Alikuwa na mifuko mikononi. Aliniamkia kwa Kiswahili kizuri kabisa, cha Tanga, jinsi nizungumzavyo mimi, akaniambia amepandishwa cheo na ataondoka mwezi ujao kwenda kituo chake kipya, Maziwa Makuu.

"Mwalimu wangu mpya ni mzuri," alisema, "lakini sikio langu limekuzoea wewe."

Niliingia kwenye duka lililokuwa karibu, la vitambaa, nikashikashika vitu nisivyovihitaji mpaka muuzaji akaniuliza kama najisikia vizuri. Nilimwomba maji. Nilipotoka kanali alikuwa amekwenda zake, nikateremka kwa miguu hadi nyumbani.