Mmemwachia Nani?

Mdogo wangu alipokuja likizo kutoka Dar kumwona mama, alikuja na kofia pana, miwani ya jua na habari njema: amenilipia na mimi safari ya utalii wa kuvua samaki. Nilimwuliza kama amesahau alikozaliwa. Baba yetu alivua maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumwita mtalii. Siku akirudi mikono mitupu, mama alimwita mengine kabisa.

Mama ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali, yuko kwangu Igoma, na shida yake ilikuwa moja: hali chakula. Uji anaonja, ndizi anazitazama, nyama anasema inanuka. Dawa zake zinataka mtu aliyeshiba, naye anazidi kuisha mbele ya macho yangu. Niliogopa, jamani. Nilikuwa napika, namwaga, napika tena, nalia jikoni na kusingizia vitunguu. Basi asubuhi ile, aliposikia tunakwenda ziwani, akainua kichwa kutoka kwenye mto.

“Nileteeni samaki,” akasema. “Kichwa mnichemshie na limao. Huyo nitamla.”

Wa sokoni nilishamnunulia, akamsukuma pembeni eti huyo kalala kwenye barafu siku nyingi kuliko yeye alivyolala wodini. Alitaka aliyevuliwa na mtu wake, kama enzi za baba. Nikabeba ndoo yenye mfuniko, ile kubwa ya kuchotea maji.

Boti tulipandia upande wa Kigongo. Mwongoza wageni alikuwa kijana nadhifu, kizibao chake kina mifuko ambayo hata yeye hajui ya nini. Mimi ni fundi cherehani, mifuko naijua. Akanipa shikamoo yake, nikaitikia marahaba, kisha akaiangalia ndoo yangu kwa huruma. Nadhani alijua nimekuja nayo ya kutapikia.

Likafuata somo. Samaki aheshimiwe. Ulowanishe mikono kabla ya kumshika, asije akachubuka. Usimbane tumbo. Usimkalishe nje ya maji, ataishiwa pumzi. Nikawaza, kumbe duniani kuna wanaopokelewa vizuri! Mama yangu alisubiri daktari kwenye benchi tangu alfajiri, na hakuna aliyemwogopea kuchubuka. Lakini nikadhani ni mambo ya usafi wa kitoweo.

Wakatupa fimbo za kuvulia zenye samaki wa plastiki kwenye ndoano. Mdogo wangu akavua kofia yake mwenyewe kwa ndoano, tena zaidi ya mara moja. Mimi nikavutwa. Aisee, nilivutwa! Nikapiga kelele hadi mdogo wangu akanishika kiuno, kijana akachomeka wavu, tukamtoa: sangara. Na kichwa chake sasa! Kichwa kile kingejaza sufuria yangu, kikabaki cha kuwapa majirani. Nikamkumbatia na mikono yangu iliyolowa kwa heshima zote, nikamwona mama anafyonza mifupa.

“Mwachie, mama!” kijana akasema. “Mwachie!”

Nikaona ni haki, mdogo wangu ndiye aliyelipa, nimwachie na yeye apige picha. Nikampa. Mdogo wangu akambusu yule sangara, mdomoni, picha ikapigwa. Kisha akainama akamweka majini taratibu, kama anayelaza mtoto. Sangara akapiga mkia akaenda zake. Yeye na kijana wakapiga makofi.

“Anakwenda wapi?” nikauliza.

“Kwao, mama,” kijana akajibu. “Sisi tunakamata na kuachia. Raha ni kule kumkamata.”

Nilimjibu kwa Kijita chetu cha nyumbani, na nashukuru hakukijua. Mdogo wangu akaapa alidhani nilishaelewa. Tukakaa hadi jioni, tukaambulia jua. Njiani akashauri tununue mwingine tumdanganye mama. Mjane wa mvuvi umdanganye kwa samaki! Ndoo nikaipakata tupu hadi Igoma.

Tulimkuta mama ameketi, amechana nywele, amejifunga kitenge kipya. Alikuwa ameingia jikoni kwa miguu yake mwenyewe, maji ya chumvi na limao yanachemka. Nilitamani ardhi inimeze.

“Yuko wapi?”

Mimi nikaificha ndoo nyuma ya mgongo. Mdogo wangu akajibu.

“Mama, tumemwachia.”

“Mmemwachia nani?” Akatutazama mmoja mmoja. “Kuna mgonjwa mwingine?”

“Hapana, mama. Tumemwachia mwenyewe. Samaki.”

“Samaki mmemwachia samaki?”

Mdogo wangu akamwonyesha ile picha kwenye simu. Mama akaishika kwa mikono miwili, akaitazama weee. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia, nami machozi yakanitoka. Kumbe anacheka! Mama yangu, ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue, anacheka hadi anakohoa.

“Mwanangu anabusu mboga!” akasema, akajifuta macho. “Haya, songa ugali.”

“Mama, mboga hatuna.”

“Ninayo.”

Nikasonga ugali wa udaga, ule wa unga wa muhogo, haraka haraka, asije akabadili mawazo. Akaiegemeza simu kwenye kikombe, akajimiminia yale maji ya limao kwenye bakuli. Akamega tonge, akachovya, akamtazama sangara, akameza. Akamega tena. Mimi na mdogo wangu tulisimama mlangoni, tukimhesabia matonge.

Kioo cha simu kikazima.

“Washa,” mama akamwambia mdogo wangu, mdomo umejaa. “Sijamaliza kichwa.”