Tuta la Matope Nyuma ya Dobi

Kwa miaka ishirini na miwili Becky Nelima alikuwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wa wodi ya mifupa katika hospitali moja kubwa ya Kisumu, na wodi hiyo aliijua kama jikoni kwake. Kisha ukaja usimamizi mpya. Mafizio wote wakatolewa wodini, wakakusanywa chumba kimoja cha chini, kila mgonjwa dakika ishirini na fomu yake. Akitembea mita kumi bila kushikwa, fizio atie sahihi, mgonjwa aende nyumbani siku hiyo hiyo.

Nelima hakununa sana. Foleni ilipungua kweli, na yeye si mtu wa kunyima sifa panapostahili.

Mpaka siku alipoletewa Mama Anyango, mpanda mpunga wa Ahero, aliyekuwa amevunjika nyonga. Mama akatembea mita zake kumi vizuri tu. Nelima akashika kalamu.

"Daktari, hii sakafu yenu ni rahisi," Anyango akasema. "Kwetu napita juu ya tuta, maji huku, maji huku. Nikianguka tena, nani atanitoa kwa maji?"

Nelima akairudisha kalamu mfukoni.

Kesho yake asubuhi aliazima jembe kwa mtunza bustani, akajenga tuta jembamba la udongo nyuma ya chumba cha dobi, akalilowesha chepechepe. Mathews, mkuu wa kitengo, msomi wa viatu vya kung'aa, akamkuta huko na mgonjwa wake.

"Mama Nelima, hii haiko kwa mpango. Kitanda kinangojewa. Usiposaini leo, nitapeleka jina lako juu."

"Peleka," alisema Nelima, ingawa kazi yake aliipenda. "Lakini kwanza pita hapa, Bwana Mathews."

Mathews akapita hatua mbili. Ya tatu ikamponyoka, na Nelima akamdaka kiwiko kabla hajalala matopeni. Mama Anyango alitazama pembeni kwa adabu.

"Unataka siku ngapi?" Mathews akauliza, akijipangusa.

"Nne."

Zikawa tano. Ya tano Anyango alilipita tuta zima peke yake, akageuka bila kuambiwa, akarudi. Nelima akatia sahihi kwa herufi kubwakubwa, na mchana kutwa alitembea kwa maringo. Nani angemlaumu?

Wiki iliyofuata Mathews alimfuata mwenyewe, akabaki amesimama mlangoni.

"Mama, nimepata mkata miwa wa Muhoroni, goti. Tumjengee nini?"

Nelima akamvutia kiti, polepole. Alitaka kulifurahia swali hilo kwanza.