Jumapili za Kuangalia Nyumba

Enzi zetu, na nyinyi mliokulia Shauri Moyo mtanishuhudia, Jumapili baada ya chapati mtoto aliachiliwa akacheze kati na brikicho mpaka magoti yapauke kwa vumbi. Sisi hatukuachiliwa. Mimi na kaka yangu Mutua tulipakwa mafuta tukang'aa, tukavishwa nguo ambazo mama alituwekea kando alipofungua mzigo wake wa mitumba sokoni Gikomba, kisha tukashika njia kwa miguu kwenda kuangalia nyumba za kuuzwa. Hatukuwa na pesa ya kununua hata mlango. Lakini mama alikuwa na msemo wake, macho hayana pazia, na kila mtaa mpya ulipoanza kuchipuka ng'ambo ya Buruburu, sisi tulikuwa wageni wa kwanza.

Jamani, raha ile siwezi kuieleza nikiwa nimeketi! Kumbuka tuliishi chumba kimoja: kitanda cha wazazi nyuma ya pazia, sisi kwenye godoro sakafuni, mfereji na choo vya mstari mzima huko nje. Sasa unaingizwa kwenye nyumba ya maonyesho, ile moja ambayo wauzaji waliipamba ili watu waimezee mate. Ina ngazi ndani kwa ndani. Mutua alipanda na kushuka hadi akashikwa na kizunguzungu. Choo nacho kilikuwa karibu na mahali pa kulala, jambo tulilolijadili njia nzima ya kurudi, kama kweli ni adabu. Mezani palikuwa na bakuli la matunda, na siku moja kaka yangu akanyakua tufaha akaling'ata. Lilikuwa la plastiki. Jumapili iliyofuata tulilikuta palepale na alama za meno yake, na mama akajifanya hajui mtoto huyo ni wa nani.

Mimi nilijichagulia chumba cha juu, chenye dirisha la kutazama barabara. Mutua akiingia bila kubisha, nilimfukuza kama mwenye nyumba.

Baba alikuwa dereva wa lori na Jumapili alibaki nyumbani kupumzisha mgongo. Tukirudi alituuliza, "Haya, leo mmeninunulia ipi?" Tulimweleza sote watatu kwa mpigo, naye alisikiliza yote, akauliza hata jiko linatazama upande gani.

Mimi nilidhani ni matembezi tu. Kumbe mama alikuwa na nia yake. Kila safari alimwendea bwana wa tai aliyeketi pale sebuleni na fomu zake, akamwuliza familia inatakiwa kuingiza kiasi gani kwa mwezi ndipo ipewe mkopo wa nyumba. Siku moja bwana alitaka kujua mshahara wa baba, akapiga hesabu, akatikisa kichwa. Ingehitajika mishahara mitatu kama ule. Mama akamwambia yeye pia huuza nguo za watoto, na kuna miezi humpita mumewe. Bwana akaomba karatasi ya mshahara. Mama hakuwa nayo, na nani Gikomba angempa? Basi hiyo, bwana akasema kwa upole, haiwezi kuhesabiwa kuwa mapato.

"Na hawa watoto," mama akamwuliza, "wanakula nini?"

Bwana alicheka. Mama hakucheka. Alitushika mikono tukatoka, na kwa jinsi alivyonibana vidole nikajua kwamba nyumba anaitaka kwelikweli. Jumapili iliyofuata tulikuwa njiani tena.

Juzi nilimsimulia kijana wa Mutua haya yote. Akanitazama kwa huruma. "Lakini Anti, mlitembea hiyo yote na si mngecheki tu kwa simu?" Watoto wa siku hizi! Anaangalia nyumba mia akiwa amelala chali, wala hajui rangi mbichi ya ukutani inanukaje. Akimaliza anakwambia nyumba za Nairobi zina wenyewe. Na sitamlaumu sana, maana mimi mwenyewe nimepanga mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, ambako jirani wa jengo la pili akikata kitunguu, anayetoa machozi ni mimi.

Sasa sikilizeni ya Ijumaa. Mimi na Mutua tuliomba mkopo tununue nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Umoja, mama aache kupanga uzeeni. Tulipeleka karatasi zetu za mishahara. Dada wa ofisi ya mikopo akazijumlisha, akazijumlisha tena, akasema tumepungukiwa kidogo. Kisha akauliza kama kuna mwingine katika familia anayeingiza pesa. Mama, ambaye tulikuwa tumemleta akae tu kitini, akafungua mkoba akatoa simu. Miaka mingi sasa wateja wake wa Gikomba humlipa kwa simu, na kila shilingi imeandikwa humo. Yule dada akaichapisha orodha yote, akaisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Mama, hii ni mapato," akasema. "Imetosha."

Mama akamwomba arudie. Akarudia. Mimi nililia, na Mutua, mtu mzima mwenye kitambi, akapiga meza ya watu kwa furaha mpaka kalamu zikaanguka. Nje ya mlango mama akashika simu apige, akaitazama, asibonyeze kitu. Nikajua anayemtafuta ni nani. Baba tulimzika Machakos mwaka juzi.

Enzi zile tulirudi bila nyumba, tukamkuta mtu anayetaka kuelezwa yote. Ijumaa tulirudi nayo, tukaelezana wenyewe, mama akianza, na hakuacha kutaja hata kitasa.